Mwili kwanza, mbao baadaye: kuchagua vipuri vya Mauser ya zamani

Bunduki niliyoifanyia kazi ni ya kuwindia. Fundi asiyejulikana aliijenga juu ya mwili wa Mauser 98, katika kile kipindi cha kati ya vita kuu mbili ambapo miili mingi ya kijeshi iligeuzwa kuwa bunduki za mawindo. Ilinijia na nyaraka zake za umiliki, mbao iliyopasuka shingoni, skrubu zenye vichwa vilivyochakaa, na bolti, yaani kile chuma cha kusukuma risasi ndani na kuufunga mtutu kwa nyuma, ambayo namba yake haikulingana na ile iliyogongwa kwenye mwili. Kila aliyeiona alitaka kuzungumzia mbao, kwa kuwa mbao ndiyo inayoonekana na ndiyo inayopigwa picha. Nilichojifunza katika kazi hii ni kwamba vipuri vya bunduki ya zamani vina mpangilio wa kuchaguliwa, na kwamba mpangilio huo huanza ndani kabisa, pale baruti inapolipuka, ukaishia nje kwenye mafuta ya mbao. Anayeanza nje hununua vitu vizuri ambavyo baadaye havikubaliani.

Ninaposema mwili nina maana ya lile bomba la chuma ambamo bolti hutembea na ambamo mtutu hufungwa kwa nyuzi za skrubu. Hiki ndicho kipande ambacho namba yake huandikwa kwenye leseni, na sheria za nchi hutofautiana kuhusu vingine vinavyohesabiwa pamoja nacho. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, mwili peke yake ndio silaha, na mtutu au bolti huuzwa kama kipuri cha kawaida. Uingereza na Ujerumani, mtutu na bolti navyo vinahitaji kibali, na anayeagiza mtutu kutoka nje bila kulijua hilo anaweza kujikuta mbele ya polisi kwa kosa ambalo hakukusudia kulitenda. Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma ni sheria ya mahali ulipo, kisha ndipo orodha za bei.

Mauser 98 ilipokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898, na muundo wake ukaenea kiasi kwamba viwanda vya Oberndorf, Berlin, Herstal kule Ubelgiji, Brno kule Chekoslovakia na vingine vingi viliutengeneza kwa miongo kadhaa. Wauzaji hupenda kuandika kwamba kipuri fulani kinaingia katika Mauser zote. Maneno hayo yasiaminiwe hata kidogo. Ile pete ya mbele ya mwili, mahali mtutu unapoingia, ina kipenyo cha takriban milimita 35.8 katika miili mingi ya 98, lakini iko miili yenye pete ndogo ya milimita 33. Urefu nao hutofautiana: mwili wa M48 ya Yugoslavia ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa takriban milimita 6, na bolti yake ni fupi vivyo hivyo. Tofauti ya milimita 6 haionekani kwenye picha ya dukani. Mimi niliuziwa bolti ya namna hiyo na mtu aliyeapa kwamba ni ya kawaida, na kilichoniokoa ni vernia, kile kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi. Niliilaza kando ya bolti niliyokuwa nayo, nikapima kutoka uso wa mbele hadi kwenye mkono, kisha nikairudisha siku hiyohiyo kabla muda wa kurejesha bidhaa haujapita.

Baada ya kuujua mwili ni wa aina gani, swali linalofuata ni kama bado unafaa kubeba mlipuko. Chuma cha Mauser ya zamani ni laini kwa ndani na kigumu juu tu, kwa tabaka jembamba lililopatikana kwa kukipasha moto pamoja na kaboni. Bolti yake hujifunga kwa meno mawili ya mbele yanayokaa ndani ya pete, na lipo jino la tatu huko nyuma ambalo kwa kawaida haligusi kitu bali husubiri siku ambayo yale mawili yatashindwa. Bunduki iliyopigwa risasi zenye nguvu kupita kiasi, au iliyosuguliwa na mtu aliyetaka bolti iteleze kwa ulaini, huwa imepoteza lile tabaka gumu, na meno huanza kuchimba vishimo mahali yanapokaa. Dalili yake husikika mkononi: unapouinua mkono wa bolti iliyofungwa, hukwama kidogo mwanzoni kama inayopanda kizingiti, kisha hulegea. Ukisikia hivyo, acha kununua vipuri. Hakuna mbao wala mtutu utakaoukomboa mwili huo, na nafasi yake ni ukutani.

Umri pekee hautoshi kuhukumu, wala jina la kiwanda. Mfano unaojulikana sana ni Springfield ya mwaka 1903, bunduki ya jeshi la Marekani. Miili ya mwanzo ya kiwanda cha Springfield, ile yenye namba chini ya 800,000, ilipashwa moto na mafundi waliokadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma kwa macho, na baadhi yake ikatoka migumu mno kiasi cha kukatika vipande kama kigae. Utaratibu ulibadilishwa mwaka 1918. Kwa nje miili ya kabla na ya baada inafanana, imeng'arishwa vizuri, na inaingia katika mbao ileile. Namba ndiyo inayosema ukweli, na ndiyo maana huwa ninaomba picha ya namba kabla ya kuuliza bei.

Kuhusu bolti, wapo wanaoshikilia kwamba namba zisizolingana zinaifanya bunduki kuwa ya hatari moja kwa moja. Kwa anayekusanya bunduki za historia, namba zinazolingana ni thamani ya fedha na hilo halina ubishi. Kwa anayetaka kuipiga, kinachohitajika ni kipimo cha nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali ganda la risasi linapoegemea ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Nafasi ikizidi, ganda hutanuka na kukatika karibu na kitako chake, na gesi ya moto hurudi kuelekea usoni pa mpigaji. Fundi mwenye leseni alinipimia kwa geji mbili za chuma, moja ambayo bolti lazima iifunge na nyingine ambayo lazima iikatae. Kabla ya kuziingiza aliondoa pini ya kupigia na ukucha wa kutolea ganda, kisha akausukuma mkono wa bolti kwa ncha ya kidole kimoja, kwa sababu anayetumia nguvu ya kiganja anaweza kuifunga bolti hata juu ya geji inayopaswa kukataliwa na asitambue. Bolti yangu isiyolingana namba ilifaulu vipimo vyote viwili. Kama isingefaulu, tiba ya Mauser ingekuwa kutafuta bolti nyingine au kuurekebisha mtutu. Wenye Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya jeshi la Uingereza, wana nafuu hapo, maana kichwa cha bolti yao hufunguka na hutengenezwa kwa saizi nne, kuanzia 0 hadi 3, kila moja ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia.

Ndani ya bolti hiyohiyo kuna vipuri vidogo ambavyo vinastahili kuzingatiwa kuliko watu wanavyodhani. Springi ya pini ya kupigia huchoka kwa miaka. Mpya si ghali, nami sioni sababu ya kuibakiza ya zamani kwa ajili ya uasilia, kwani hakuna mtu atakayeiona. Ukucha wa kutolea ganda ni kinyume chake. Ule wa asili wa Mauser ulifuliwa kwa chuma cha springi, unakumbatia sehemu kubwa ya ukingo wa ganda, na unalishika tangu linapopanda kutoka kwenye magazini. Baadhi ya zile mpya za bei rahisi zimemiminwa katika kalibu, na zinapolazimishwa kuruka juu ya ukingo wa ganda lililotumbukizwa moja kwa moja kwenye chemba hukatika. Nilichagua ukucha wa zamani wenye alama za matumizi badala ya mpya unaong'aa, na ningechagua hivyo tena. Kuhusu kifuniko cha nyuma ya bolti, kile cha 98 kina ukingo mpana unaokinga gesi isimfikie mpigaji usoni. Waliokikata ili darubini ikae chini zaidi waliondoa kitu ambacho Paul Mauser, mbunifu wa bunduki hii, alikiweka kwa makusudi.

Mtutu ulinichukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ya jambo moja ambalo kila mwenye bunduki ya Kijerumani ya mawindo anapaswa kulijua. Risasi ya milimita 8 kwa 57 ilianza na kichwa chenye kipenyo cha takriban inchi 0.318, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi likahamia kichwa chenye ncha, chepesi zaidi, lakini chenye kipenyo kikubwa cha inchi 0.323. Mafundi wa bunduki za mawindo waliendelea kutengeneza mitutu ya kipimo cha zamani kwa miaka mingi baadaye. Maganda ya risasi hizo mbili yanakaribiana mno, na mara nyingi ile kubwa huingia katika chemba iliyokusudiwa ndogo. Lakini kichwa kinene kikilazimishwa kupita katika mtutu mwembamba, shinikizo hupanda hadi kiwango cha hatari. Katika maandishi tofauti ni herufi S tu, na herufi hiyo kwenye mtutu wa zamani inaweza kuwa imefutika, au haikuwahi kugongwa kamwe.

Njia ya kuondoa shaka ni kuupima mtutu wenyewe. Unachukua kipande cha risasi laini, yaani madini ya risasi tupu, kilicho kinene kidogo kuliko tundu, unakipaka mafuta, na baada ya kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu na bolti imetolewa, unakisukuma polepole kwa fimbo ya shaba hadi kitokeze upande wa pili. Kinatoka kimechorwa michirizi ya mtutu, nawe unakipima kwa maikromita kuvuka sehemu zilizoinuka. Mitutu ya Mauser kwa kawaida ina michirizi minne inayotazamana, kwa hiyo kipimo ni rahisi; Lee-Enfield nyingi zina mitano, na hapo hakuna sehemu mbili zinazotazamana, kwa hiyo kazi hiyo heri apewe mwenye vifaa maalumu. Mtutu wangu ulitoa inchi 0.323. Niliandika kipimo hicho kwenye kibandiko na kukitia ndani ya sanduku la bunduki, kwa ajili yangu na kwa ajili ya atakayeimiliki baada yangu.

Kama ningehitaji mtutu mpya, katika nchi zinazofuata kanuni za C.I.P., tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, bunduki ingelazimika kurudi kwenye nyumba ya majaribio ili ipigwe risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida na kugongwa alama upya. Gharama hiyo ijumlishwe mapema, kwa sababu mara nyingine hubadilisha uamuzi wote. Vishimo vidogo vya kutu ndani ya mtutu havikunitisha. Risasi za zamani zilitumia viberiti, yaani vile vilipuzi vidogo vya kitakoni mwa ganda, vyenye chumvi iliyovuta unyevu, na ni mitutu michache ya enzi hizo iliyosalimika kabisa. Nilichokagua kwa ukali ni mdomo wa mtutu, mahali ambapo fimbo za kusafishia hukwangua miaka nenda miaka rudi, kwani ukingo uliolika upande mmoja hupotosha kila risasi inayotoka.

Sasa tufike kwenye mbao. Nikisema kitako nina maana ya mbao yote, kuanzia inapoegemea begani hadi inapoishia chini ya mtutu. Mjozi ndio uliotumika zaidi katika bunduki za mawindo, na sababu yake ni ya kikazi: ni mwepesi kwa uimara wake, hukubali patasi bila kung'oka nyuzi, na ukikauka vizuri haujipindi sana majira yanapobadilika. Wauzaji huonyesha kwanza michoro ya rangi iliyo upande wa begani, ile inayofanana na moshi au mawimbi. Mimi nilianza kutazama shingo, yaani ile sehemu nyembamba inayoshikwa na kiganja. Nyuzi za mbao zinapaswa kupita shingoni kwa urefu wake, zikifuata mwinamo wake. Zikiikata kwa mshazari, mbao itapasukia hapohapo, kama ilivyopasuka ya kwanza. Mistari hiyo lazima itazamwe kwa juu na kwa pande zote mbili, kwa sababu mbao inaweza kuwa nzuri upande mmoja na kumsaliti mtu upande wa pili. Uzuri wa michoro ukae begani, ambako hakuna mzigo mkubwa.

Ukavu nao haupimwi kwa maneno ya muuzaji. Gogo nililonunua liliandikwa kwamba limekauka kwa miaka mingi. Nililipima kwenye mizani ya jikoni, nikaandika uzito kwa penseli ubavuni pake, nikaliweka mahali pasipo jua, na kila mwezi nikalipima tena. Uzito uliendelea kushuka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na patasi haikugusa mbao hiyo mpaka mizani iliposoma namba ileile mara kwa mara. Ningelichonga siku lilipofika, chuma kingekuwa kinacheza ndani yake kabla ya mwaka kwisha.

Kuna kipuri kimoja ambacho nadhani kimeharibu Mauser nyingi kuliko kutu, nacho ni kibomba cha chuma kinachokaa ndani ya mbao kuzunguka skrubu ya nyuma. Urefu wake ni kama wa kifundo cha kidole. Kazi yake ni kuzuia mwili na bamba la chini visisogeleane kupita kiasi skrubu inapokazwa. Watu hukitupa wakidhani ni takataka, au hukisahau ndani ya mbao ya zamani wanapobadilisha. Bila kibomba hicho, kila unapokaza skrubu unaibana mbao yenyewe. Mbao hubonyea, unakaza tena, na baada ya muda mwili umepinda kidogo na sanduku la magazini linasukuma chuma kilicho juu yake. Bunduki ya namna hiyo hutawanya risasi na mwenyewe hulaumu mtutu. Mbao yangu ya zamani haikuwa nacho. Niliagiza kirefu kuliko kilichohitajika, nikakipunguza kwa tupa kidogokidogo huku nikijaribu, mpaka sanduku la magazini likabaki na upenyo unaopitisha karatasi nyembamba bila kuikwaruza.

Chini ya pete ya mwili kuna jino nene linalopokea teke la bunduki na kulipeleka kwenye mbao, na mgusano wake ndio unaoamua kama kitako kitadumu. Nililipaka masizi ya taa, nikaliteremsha ndani ya mbao, nikalitoa na kuchonga pale tu palipoachwa alama nyeusi, hadi uso wote wa nyuma wa jino ukawa unaacha alama iliyo sawa. Huko nyuma, mkia wa mwili niliuachia upenyo mdogo. Ukiubana na mbao, teke lote hupitia kwenye mkia na shingo hupasuka kama kuni iliyotiwa kabari.

Skrubu za Mauser ni robo inchi zenye nyuzi 22 kwa inchi, kipimo ambacho hakipatikani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Zile za kawaida za robo inchi zina nyuzi 20 au 28, huingia mizunguko miwili hivi kisha huanza kukata nyuzi za mwili. Ni afadhali kungoja zinazostahili, na kununua bisibisi ambayo ncha yake inajaza mfereji wa skrubu kwa upana na kwa kina, kabla ya kuzigusa.

Kwa rangi ya chuma nilichagua njia ya polepole ya kutu, ambamo chuma hupakwa dawa, huachwa kishike kutu laini, huchemshwa katika maji safi na kusuguliwa kwa brashi, na zoezi hilo kurudiwa hadi weusi ukolee. Ndiyo inayolingana na enzi ya bunduki hii. Ile njia ya chumvi za moto ni ya haraka, lakini chumvi hizo hula lehemu laini, na kilengeo cha mbele cha bunduki hii kimeunganishwa kwa lehemu ya namna hiyo. Mbao niliipaka mafuta ya kitani, tabaka jembamba baada ya jingine. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandazwe nje yakauke. Yakirundikwa pamoja hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila mtu kuwasha kiberiti.

Niliulizwa mara nyingi kwa nini sikutoboa mwili ili kuweka darubini. Matundu hayazibiki, na bunduki ambayo haikutobolewa kwa miaka karibu mia moja haikuwa na sababu ya kutobolewa nami. Anayetaka darubini ana bunduki nyingi za kisasa za kuchagua.

Kipuri cha mwisho kuchaguliwa ni bapa la kilengeo cha mbele, na hakiwezi kuchaguliwa mezani. Bunduki hupigwa kwanza ikiwa imefungwa kwenye stendi, kamba ndefu ikivuta triga, maganda yakakaguliwa, na ndipo mtu huilenga kwa bega. Bapa liwe refu kuliko linavyohitajika, kwa sababu bapa refu hupeleka risasi chini, na chuma kilichozidi hupunguzwa kwa tupa. Hesabu yake ni fupi: zidisha kosa la risasi kwa umbali uliopo kati ya vilengeo viwili, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Risasi zangu zilikuwa zikigonga sentimita 20 chini kwenye mita 100, na kati ya vilengeo kuna nusu mita, kwa hiyo bapa lilidai kupunguzwa milimita 1. Nilipunguza nusu yake, nikapiga tena, nikapunguza iliyobaki, kisha nikalipaka dawa ya kutu pale tupa ilipopita.